Mwongozaji anataka intro "kama ya Saul Bass". Ndiyo ipi hiyo jamani?

Mhariri wa Mbagala

Habari za saa hizi wakuu.

Mimi nahariri video, nyingi za harusi na kitchen party, ila mara mojamoja zinakuja filamu fupi. Safari hii nimepata ya dakika 14. Kisa ni mama muuza chapati aliyechukua mkopo wa kausha damu, laki mbili, anatakiwa kurejesha kila siku jioni. Hadithi nzuri, waigizaji wazuri, hela ndogo kama kawaida yetu.

Mwongozaji akaniambia majina ya mwanzo anayataka "kama ya Saul Bass". Nikaitikia "hamna shida bosi", maana nani anataka kupoteza kazi, halafu nikaenda kugugo. Nikakuta maumbo kama karatasi iliyokatwa na mtoto, rangi ya chungwa na nyeusi, herufi zimekaa upogoupogo. Nikasema kumbe ni hivi tu. Nikanunua templeti, nikachomeka majina yetu, nikaweka na muziki wa jazi. Kazi ya usiku mmoja.

Asubuhi nikamtumia. Akanijibu kwa voisi: "Umeniletea nguo za Saul Bass. Mwenyewe yuko wapi?" Leo siku ya tatu nasikiliza hiyo voisi na sijaielewa.

Huyu mtu alifanya nini hasa mpaka leo anatajwa? Na mimi nifanye nini? Filamu inatakiwa wiki ijayo.

Kinyozi Mstaafu

Ngoja waje wajuzi. Mimi nimekaa siti ya dirishani na karanga zangu.

Fundi Bango

Kijana, mwongozaji wako hajakuonea. Kaa nikueleze, na uvumilie, mimi nikianza sikatiki.

Saul Bass alikuwa Mmarekani aliyebuni majina ya mwanzo na matangazo ya filamu. Ila kwanza, mimi si mtu wa filamu. Ni mwandika mabango hapa Tanga tangu 1988. Maduka, bucha, saluni, maneno ya nyuma ya mabasi. Saul Bass nilimjulia kwenye simu ya binti yangu, aliyekuwa anasomea mambo ya usanifu wa picha. Alinionyesha kitu akasema, "Baba, tazama, huyu naye anakata kama wewe." Nikavaa miwani. Tangu siku hiyo nimezitafuta zote nilizoweza kuzipata.

Ile aliyonionyesha ni ya filamu ya 1955, The Man with the Golden Arm, iliyoongozwa na Otto Preminger. Frank Sinatra ni mchezesha karata aliyenaswa na heroini. Enzi hizo Hollywood ilikuwa na kanuni zake za maadili, na dawa za kulevya zilikuwa mwiko kabisa. Filamu ilinyimwa kibali ikaonyeshwa hivyohivyo. Sasa jiulize, ungepewa wewe kazi ile ungeweka nini mwanzoni? Sindano? Sura ya Sinatra akitoka jasho?

Bass anaanza na weusi mtupu. Mstari mweupe unashuka kutoka juu. Mnene, hauko sawa, kama umekatwa na mtu mwenye haraka. Mingine inakuja, inajipanga kando yake. Majina yanatokea, mistari inahama, sasa inatokea pembeni, sasa inatokea chini, inapishana, inakosana. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hakuna chochote cha kushika. Matarumbeta ya Elmer Bernstein yanakusukuma mgongoni. Halafu mwisho kabisa mistari inakutana, na palipokuwa na mistari pana mkono. Umepinda kwenye kiwiko, vidole vimekakamaa. Basi. Filamu inaanza na wewe mwili umeshaanza kukuwasha.

Mkono ule haukuwekwa kwa sababu ni mzuri. Ndio ugonjwa wenyewe wa yule bwana: mkono unaogawa karata na mkono unaoomba sindano ni huohuo mmoja. Akauweka hata kwenye tangazo la filamu, wakati kila tangazo lilikuwa nyuso za mastaa.

Sasa njoo kwenye hizo kingo zilizochanika ulizonunua. Mimi nakata stensili kwenye filamu kuukuu za eksirei, kwa wembe. Ukikata kwa mkono, wembe unafuata kifundo cha mkono wako. Penye kona unasita, penye mteremko unakimbia. Kila jino la ukingo lina sababu. Templeti yako imechanwachanwa na mashine ambayo haijawahi kusita popote. Ndiyo maana inaonekana kama shati jipya lililotobolewa makusudi. Watu kwa miaka sabini wameiba mkasi wa yule mzee, wakaacha wazo mezani.

Na wala hakuwa mtu wa mkasi tu, hapo ndipo wengi wanapotea. Chukua majina ya mwanzo ya Psycho, filamu ya mwongozaji Hitchcock, 1960. Hakuna karatasi iliyochanika hata moja. Ni paa zilizonyooka kama rula, zinapita kushoto, kulia, juu, chini, zinakata majina katikati na kuyaunga tena. Neno la kichwa cha filamu linapasuka vipande, linashindwa kukaa sawa. Ni kichwa cha yule kijana mwenye hoteli, kabla hujamwona. Muziki wa Bernard Herrmann ni nyuzi tupu, zinasuguliwa kama mtu ananoa kisu.

Unajua zile paa zilitengenezwaje? Hapa ndipo nilipompenda. Ni vipande vya alumini vya futi 6 hivi, vimepakwa rangi nyeusi, vimelazwa juu ya plaiwudi iliyopakwa nyeupe, na pini zimechomekwa kuviongoza visiende mrama. Mtu anasukuma kidogo kwa mkono, kamera inapiga picha moja. Anasukuma tena, picha moja. Aliyeshughulikia herufi na kazi hiyo alikuwa Harold Adler, fundi wa maandishi kama mimi, na huyo hakuna anayemtaja akiulizwa habari za Saul Bass. Mimi namtaja.

Maisha yake kwa ufupi: kazaliwa Bronx, New York, 1920, wazazi Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki. Kahamia Los Angeles 1946, akawa anachora matangazo ya filamu. Preminger alimpa la Carmen Jones, akalipenda, akamwambia basi tengeneza na majina ya mwanzo. Ilikuwa 1954. Kafariki 1996. Ile kengele ya kampuni ya simu ya AT&T na dunia yenye mistari iliyoirithi, zote zake. Mtu wa alama moja. Akipewa jambo kubwa analikamua mpaka libaki tone.

Mimi nina bucha moja nilishindwa. Mwenyewe alitaka ng'ombe, kisu, mizani, bei, namba ya simu, na "Karibuni wote". Nikaandika vyote, hela ilikuwa yake. Bango lile nalipita kila siku na hata mimi silisomi.

Basi nikuulize wewe. Mama muuza chapati huyo, kitu gani kimoja kinamtesa mkononi tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho? Na usiniambie chapati.

Bwana Kibanda

Mzee heshima yako, umeshusha nondo. Ila tuseme ukweli, nani anatazama hayo majina siku hizi? Kwenye simu kuna kitufe cha kuruka, watu wanakibonyeza kabla jina la kwanza halijatua.

Nilikuwa na kibanda umiza cha kuonyesha filamu Tandika miaka sita. Majina ya mwanzo ndiyo muda wa kukusanya mia mbilimbili, kuwatoa watoto walioingia kwa kuinama, na kutafuta benchi la kumkalisha mtu mnene. DJ anayetafsiri anaongea juu yake anasalimia mitaa yote hadi Yombo. Sijawahi kumsikia mteja anasema rudisha nyuma nione nani kashona nguo.

Dogo weka jina la filamu kwa herufi kubwa, sekunde tano, endelea na maisha.

Fundi Bango

Bwana Kibanda, umenichekesha, kwa sababu kibanda chako na sinema za Marekani za miaka ya hamsini ni ndugu wa tumbo moja.

Kule nako majina yalikuwa muda wa bisi na kutafuta kiti. Tena ubaya zaidi: sinema nyingi zilikuwa na pazia mbele ya skrini, na mwendesha projekta alikuwa anawasha filamu pazia likiwa bado limefungwa. Majina yote yanapigwa juu ya kitambaa, yakiisha ndipo pazia linafunguliwa. Walihesabu hayo si filamu, ni orodha ya mahudhurio.

Ile ya mkono ilipopelekwa kwenye sinema, makopo ya filamu yalikwenda na maelekezo kwa waendesha projekta: fungua pazia kabla ya majina. Hapo ndipo pa kupima alichofanya huyu mtu. Hakukuta watazamaji wamekaa kimya wanamsubiri. Alikuta watu wanaotafuna kama wako wa Tandika, akawafanya wanyanyue macho.

Kitufe cha kuruka ni pazia jingine tu. Hili nalo halifunguliwi mpaka umpe mtu sababu.

Nasra wa Mwembetanga

Assalaam alaykum. Naona wanaume mmemaliza kusifiana, naomba nami niongeze chumvi.

Mnasema Saul Bass, Saul Bass, kama alikuwa peke yake. Elaine Makatura aliingia ofisini kwake miaka ya hamsini, wakaoana 1961, na kazi nyingi tangu hapo ni za wawili. Miaka ya sabini na themanini filamu ziliwaacha; Saul akafanya nembo za makampuni, akaongoza na filamu ndefu moja, Phase IV ya 1974, habari za sisimizi wanaowazidi binadamu akili. Haikupata watu. Mie naipenda, lakini mie napenda vitu vingi vilivyokosa watu.

Walirudi tena mwishoni mwa themanini, na waliorudi ni wawili. Ndipo Martin Scorsese akawapa nne mfululizo: Goodfellas, Cape Fear, The Age of Innocence na Casino. Zitazameni hizo nne kwa mpigo. Ya kwanza majina yanapita vuuu, kama gari linalokupita barabarani usiku, na filamu kweli inaanza ndani ya gari usiku. Ya pili maji tu, maji yanayojikunja na vivuli ndani yake. Ya tatu maua yanafumbuka polepole mno chini ya kitambaa cha lesi na mwandiko wa barua, mpaka unaona haya kutazama. Casino, 1995, mtu anarushwa na mlipuko wa gari, anaelea katika moto na taa za Las Vegas, na juu yake kwaya ya Bach. Nionyesheni karatasi iliyochanika hata moja humo. Hakuna. Mwenye kuijua kazi yao kwa rangi ya chungwa tu hizi hatazitambua.

Na hapo ndipo nnapotaka kufika kuhusu athari yao. Kuna watoto wa sura na kuna watoto wa tabia. Mtoto wa sura ni Catch Me If You Can ya 2002. Wafaransa wawili, Olivier Kuntzel na Florence Deygas, walichonga watu wa kwenye majina yake kama mihuri kwa mkono, kwa hiyo angalau waliumwa vidole kama wazee wao. Mtoto mwingine wa sura ni ule mfululizo wa Mad Men ulioanza 2007, kivuli cha mwanamume kinaanguka katikati ya maghorofa yenye matangazo. Kaunganishe tangazo la filamu ya Vertigo, lile la mtu anayeanguka, na yale maghorofa ya majina ya North by Northwest, zote kazi za Bass, umempata. Nzuri, sisemi mbaya.

Lakini mtoto wa tabia kwangu ni Seven ya 1995, kazi ya Kyle Cooper. Majina yake machafu, yamekwaruzwa, herufi zinatetemeka kama zimeandikwa kwa sindano, wembe unakwangua ngozi ya kidole. Haifanani na Bass hata kidogo. Lakini unamjua muuaji kabla hujamwona, umekaa nae chumbani kwake unamtazama anavyoshona madaftari. Huo ndio ule mkono wa 1955.

Kijana wa Mbagala, usijali mtu wa kibanda. Jibu suali la mzee.

Mhariri wa Mbagala

Shikamoo mzee Fundi Bango. Dada Nasra, waalaykum salaam.

Nimelala na swali lako mzee. Jana nikaenda kwa shangazi yangu, naye anadaiwa na watu wa namna hiyo, nikamuuliza kwa utani ni kitu gani kinamkera kuliko vyote. Hakufikiri mara mbili. Akaingiza mkono chini ya godoro akatoa kadi.

Ni kipande cha karatasi ngumu kimekunjwa mara mbili, ukubwa wa kiganja. Kina vyumba vyumba vilivyopigwa mistari kwa kalamu, kila chumba siku moja. Ukilipa, yule kijana wa kukusanya anasaini ndani ya chumba. Siku uliyokosa anapiga alama ya X nyekundu na anaongeza faini. Kadi ya shangazi imelowa mafuta hadi unaona upande wa pili. Na chini, ilipoisha, kuna safu nyingine ya vyumba imepigwa kwa mkono bila rula. Nikamuuliza hii nini? Akasema hapo ndipo nilipokopa kulipa ule wa kwanza.

Kwa hiyo wazo langu: vyumba vinajaa kimoja kimoja, majina ya waigizaji ndani ya vyumba kama saini. Halafu mwishoni mistari inageuka nondo za dirisha la jela. Mnaonaje?

Nasra wa Mwembetanga

Nondo za jela hapana. Kila mtu angeziwaza hizo, hata Bwana Kibanda.

Bwana Kibanda

Kweli nilikuwa nataka kuzisema 😂

Fundi Bango

Marahaba kijana. Umeipata, na hujui kama umeshaipata.

Katazame North by Northwest, 1959. Mistari inajichora kwenye skrini ya kijani, inakuwa kama daftari la hesabu, majina yanapanda na kushuka ndani yake kama lifti. Halafu wavu ule unageuka kuwa ukuta wa vioo wa ghorofa la New York, magari yanapita ndani ya vioo. Ni mazuri kwa sababu filamu yenyewe ni ya mtu anayebanwa ndani ya mpango asioujua. Wewe ukigeuza mistari kuwa nondo, utakuwa umechukua nguo nyingine kwenye kabati lilelile.

Soma tena ulichoandika mwenyewe: safu imeongezwa kwa mkono bila rula. Usigeuze kitu chochote. Vyumba vijae. Saini, saini, saini, jina la huyu, jina la yule. Chumba cha mwisho kikijaa, mtazamaji anapumua. Halafu mkono unakuja na kalamu unachora safu nyingine. Kata. Anza filamu.

Usifanye kwenye kompyuta. Chukua karatasi ngumu halisi, kalamu halisi, simu juu ya stendi, taa moja. Chora kidogo, piga picha. Picha 12 kwa sekunde zinatosha.

Mhariri wa Mbagala

Mrejesho wakuu. Nilianza saa mbili usiku jikoni kwa shangazi. Anko ndiye alikuwa anashika kalamu kwa sababu mwandiko wangu haufanani na wa mkusanya madeni. Mpaka umeme unakatika saa sita tulikuwa na picha 212, karibu sekunde 18.

Nimemtumia mwongozaji hicho kipande bila muziki. Kanyamaza dakika kumi, nikajua nimekwisha. Halafu kapiga simu, kauliza kadi ni ya nani.

Nina shida mbili. Kwenye picha kama ya 140 kidole gumba cha anko kimeingia, kinaonekana mara moja kinapotea. Nikifute? Na ya pili, tulianza kwa kalamu nyeusi kwa sababu inaonekana vizuri zaidi, lakini kadi halisi imeandikwa kwa bluu.

Nasra wa Mwembetanga

Gumba liache. Tena nakuomba.

Fundi Bango

Bluu. Anzeni upya.